Jina la jirani ni amana: sheria ya nchi inasema nini juu ya orodha, kadi na simu zetu

Mkaaji wa Alunguli anaandikwa jina lake mara nyingi kwa mwaka kuliko anavyofikiri. Anaandikwa anaponunua namba ya simu, anapofungua akaunti ya pesa za simu, anapompeleka mtoto kwenye kituo cha afya, anapomwandikisha shuleni, anapoingia katika likelemba, na anapopanga mstari kungojea msaada. Kanisani pia anaandikwa: kuna daftari la ubatizo, la ndoa, la ahadi za sadaka, la wagonjwa wa kutembelewa na la wageni waliokimbia vita. Kila mara anaacha kitu kidogo cha kwake. Anaacha jina, jina la baba, kijiji cha asili, namba ya simu, pengine na alama ya kidole au picha ya uso.

Zamani daftari lilifungiwa kabatini na ufunguo ulikaa kwa katibu. Leo ukurasa unapigwa picha kwa simu na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Kabla mtumbwi haujamaliza kuvuka mto kutoka Alunguli hadi upande wa Kasuku, majina yale yamekwisha kufika Kinshasa, Goma na Ulaya. Hakuna tena anayeweza kuyarudisha.

Nchi yetu ina sheria inayohusu jambo hili, na wengi katika makanisa ya mashariki hawajaisikia. Makala hii inaeleza kwa maneno mepesi sheria hiyo inasema nini, inatulinda wapi, inatubana wapi, na sisi tunaoshika kalamu na daftari kanisani tunatakiwa kufanya nini.

Taarifa za mtu ni kitu gani?

Taarifa za mtu ni kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu fulani, peke yake au kikiunganishwa na kingine. Jina ni taarifa ya mtu. Namba ya simu pia, namba ya kadi ya mpiga kura, picha, sauti iliyorekodiwa, na hata mahali simu ilipokuwa saa fulani. Ukisema tu "mama mjane anayeuza mihogo karibu na kivuko, aliyefika mwezi uliopita na watoto wanne", hujataja jina, lakini mtaa mzima umeshamjua.

Kuna taarifa nyingine ambazo sheria inaziita nyeti, kwa sababu zikitoka nje zinaweza kumletea mtu ubaguzi, aibu au hata kifo. Hizo ni kama afya yake, kabila lake, dini yake, mawazo yake ya siasa na maisha yake ya ndani ya nyumba. Kanisa linashika karibu zote hizi. Daftari la wagonjwa lina habari za afya. Orodha ya washirika inaonyesha dini. Safu ya "kijiji cha asili" inaonyesha kabila. Kitabu cha mashauri ya ndoa kina mambo ambayo mtu hakumwambia hata ndugu yake wa tumbo moja.

Sheria tatu za kujua

Ya kwanza ni Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu chake cha 31 kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya binafsi, na haki ya siri ya barua zake, simu zake na mawasiliano yake mengine yote. Haki hiyo inaweza kuguswa tu katika hali zilizotajwa na sheria. Kwa hiyo siri ya mwananchi si zawadi ya kiongozi fulani. Imeandikwa katika sheria mama.

Ya pili ni sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 kuhusu mawasiliano ya simu na teknolojia za habari. Nayo inalinda siri ya mawasiliano, kisha inaeleza ni lini mamlaka, kupitia ofisi ya mwendesha mashtaka, zinaweza kuruhusiwa kusikiliza au kuchukua mawasiliano ya mtu kwa ajili ya uchunguzi.

Ya tatu ndiyo kubwa kwa habari yetu: amri-sheria namba 23/010 iliyotiwa saini na Rais Félix Tshisekedi tarehe 13 Machi 2023. Hiyo ndiyo inayoitwa kwa Kifaransa Code du numérique, yaani Kitabu cha Sheria za Kidijitali. Kabla yake, nchi yetu haikuwa na sheria kamili juu ya kulinda taarifa za watu. Kitabu hiki kinagusa biashara ya mtandaoni, sahihi za kielektroniki, makosa ya kompyuta, na pia namna taarifa za watu zinavyotakiwa kukusanywa, kutunzwa na kutumiwa.

Kiini chake kinaweza kuelezwa kwa maswali sita ambayo kila katibu wa kanisa anaweza kujiuliza.

Kwanza, kwa nini ninaandika? Taarifa lazima ikusanywe kwa sababu inayojulikana na iliyo halali. Ukiandika majina kwa ajili ya kugawa sabuni, huwezi baadaye kuyampa mgombea wa uchaguzi atume ujumbe wa kampeni.

Pili, mwenye jina amekubali? Kukubali ni kuelezwa kwanza, katika lugha anayoifahamu, halafu kusema ndiyo bila kutishwa. Mtu mwenye njaa anayeambiwa "toa kidole au ondoka" hajakubali kwa moyo huru.

Tatu, je, ninaandika zaidi ya kinachohitajika? Kugawa mbegu hakuhitaji kujua kabila. Kutembelea mgonjwa kunahitaji kujua nyumba yake, si jina la ugonjwa wake.

Nne, nitaitunza mpaka lini? Orodha ya msaada uliokwisha miaka mitatu iliyopita haina kazi tena. Ikiendelea kuzunguka kwenye simu za watu, inakuwa hatari isiyo na faida.

Tano, nani anaweza kuiona? Anayekusanya taarifa ana wajibu wa kuilinda isiibwe, isibadilishwe, isisomwe na asiyehusika.

Sita, mwenye jina akija kuuliza nitamjibu? Sheria inampa haki ya kujua kilichoandikwa juu yake, kusahihisha kilichokosewa, kupinga matumizi fulani, na kuomba kifutwe pale inaporuhusiwa.

Sheria hiyo imeagiza pia kuundwa kwa Mamlaka ya Kulinda Data, itakayopokea malalamiko na kusimamia wanaoshika taarifa za watu. Lakini zaidi ya mwaka mmoja baada ya sahihi ya Rais, mamlaka hiyo ilikuwa bado haijaanza kazi. Hapa ndipo penye ugumu wa kweli kwa mtu wa Alunguli. Haki yake imeandikwa, lakini mlango wa kubisha uko mbali sana na ukingo wa mto. Mpaka mlango huo ukaribie, mlinzi wa kwanza wa jina la mama yule ni mtu aliyeshika daftari.

Kwa nini orodha inaweza kuumiza

Wengine watasema haya ni mambo ya nchi tajiri. Tuangalie basi mambo ya kwetu.

Tangu mwaka 1984 nchi yetu haijahesabu watu wake wote. Kwa miaka mingi raia hakuwa na kitambulisho cha taifa, na kadi ya mpiga kura ndiyo iliyokaa mahali pake. Tarehe 30 Juni 2023 Rais alipokea kadi ya kwanza ya kitambulisho kipya, lakini kwa watu wengi bado kadi ya CENI ndiyo inayofungua milango yote: kununua namba ya simu, kupokea pesa, kupita kizuizini. CENI ilipoandikisha wapiga kura katika jimbo la Maniema mwanzoni mwa 2023, ilichukua picha na alama za vidole. Kisha kadi nyingi zikaanza kufutika maandishi, na watu wakazoea kutembea na fotokopi, au kutunza picha ya kadi kwenye simu na kumtumia yeyote anayeiomba.

Fotokopi iliyoachwa mezani kwa mtu usiyemjua inaweza kutumika kuandikisha namba ya simu kwa jina lako. Namba hiyo ikitumika kudanganya watu, kutisha au kudai fidia ya mtu aliyetekwa, jina la kwanza litakalotokea kwa wachunguzi ni la kwako. Na mwizi aliyepata orodha ya kikundi cha akiba, yenye majina na namba, hana haja ya kubahatisha. Atampigia mama mwekahazina, atamwita kwa jina lake, atataja jina la rais wa kikundi, kisha atamwomba namba ya siri "ili kurekebisha akaunti". Mama atamwamini kwa sababu anajua mambo ambayo mgeni hapaswi kuyajua.

Kuna jambo zito zaidi. Nchini Rwanda, utawala wa Wabelgiji ulianza katika miaka ya 1930 kuandika kwenye kitambulisho kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Neno hilo moja likakaa kwenye karatasi kwa miaka sitini. Mwaka 1994 lilitosha kumpeleka mtu kwenye kifo kizuizini. Aliyetunga safu ile hakushika panga, lakini safu yake ilifanya kazi. Maniema ni jimbo la Warega, Wakusu, Wasongola, Wabangubangu, Wazimba na wengine wengi, na sasa kuna familia zilizotawanyika kutoka Kivu tangu Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025. Kabla ya kuchora safu ya kabila kwenye daftari la wageni, kanisa lijiulize safu hiyo itamfaa nani, na itamfaa nani ikiangukia katika mikono mibaya.

Wamama na wasichana waliotendewa ukatili wa kingono wana haki ya pekee. Sheria namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 inamtaka mwendesha mashtaka na hakimu kulinda usalama wao, heshima yao na maisha yao ya binafsi. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, pamoja na siri ya hali yao. Kama hakimu mwenye joho anadaiwa kutunza siri hiyo, shemasi hawezi kuitaja kwenye maombi ya Jumapili kwa kusema "tumwombee dada fulani kwa yale yaliyompata". Nia ni njema, lakini baada ya ibada hiyo dada yule hatakuwa na mahali pa kujificha.

Serikali nayo inashika daftari

Taarifa zetu hazishikwi na kanisa na wafanyabiashara tu. Serikali ndiyo yenye daftari kubwa kuliko yote, na historia ya karibu inatufundisha mambo matatu.

La kwanza ni habari ya RAM. Mwaka 2020 serikali ilianzisha daftari la simu zote nchini, ikitambua kila simu kwa namba yake ya kiwandani, ile inayotokea ukibonyeza *#06#. Ilielezwa kwamba lengo ni kupambana na simu za wizi na za bandia. Lakini watu waliona uniti zao zikikatwa: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya kawaida, na dola 7 kwa simu yenye intaneti ya kasi. Hawakuulizwa, na wengi hawakuelezwa. Wananchi walilalamika, vyama vya kiraia vilisimama, wabunge wakamhoji waziri, na mwaka 2022 tozo hiyo ikaondolewa. Sauti ya watu wa kawaida ilisikika kwa sababu hawakunyamaza.

La pili ni kukatwa kwa mawasiliano. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe mfupi wa simu ulizuiwa nchi nzima. Waliopata shida zaidi ni ndugu zetu viziwi, ambao ujumbe ndio simu yao. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, intaneti ilikatwa na haikurudi mpaka karibu na tarehe 20 Januari 2019. Kwa mtu wa mji mkubwa hiyo ilikuwa kero. Kwa familia iliyotegemea ujumbe wa mtoto aliye mbali kujua kama yu hai, zilikuwa siku ishirini za giza. Haki za kidijitali maana yake ni pamoja na hii: mtu aweze kuwasiliana na wa kwao bila kuzimwa kwa sababu ya hofu ya wakubwa.

La tatu ni kifungu cha 360 cha Kitabu cha Sheria za Kidijitali. Kinamwadhibu mtu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu mwingine kwa njia ya mitandao au chombo chochote cha kielektroniki. Adhabu ni kifungo cha mwezi 1 hadi miezi 6, na faini ya faranga za Kongo 500.000 hadi 1.000.000, au moja ya hizo. Lengo la kuzuia uzushi ni jema, maana uzushi umeua watu katika nchi hii. Lakini kifungu hicho kimewatia hofu waandishi wa habari. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa tarehe 8 Septemba 2023 mjini Kinshasa, na simu zake zikachukuliwa, kwa sababu ya makala iliyochapwa bila jina lake kuhusu kifo cha mwanasiasa Chérubin Okende. Waendesha mashtaka walidai kwamba hati iliyotajwa ilikuwa ya bandia na kwamba yeye ndiye aliyeitoa. Alikana. Tarehe 18 Machi 2024 alihukumiwa miezi 6, ambayo alikuwa amekwisha kuikaa gerezani, akatoka siku iliyofuata.

Angalieni neno moja katika kifungu hicho: "kusambaza". Si aliyetunga peke yake anayeweza kuulizwa. Mwimbaji wa kwaya aliyebonyeza kitufe cha kupeleka mbele naye yumo. Kwa hiyo kundi la WhatsApp la kanisa si mahali pa kutupa kila sauti iliyorekodiwa na asiyejulikana, inayosema fulani ni mchawi au fulani ni mjumbe wa waasi. Lakini pia kanisa lisiwe na woga wa kusema kweli. Kweli iliyochunguzwa, yenye mashahidi, si uzushi.

Majirani zetu wamefika wapi

Kenya ilipitisha sheria yake ya kulinda data mwaka 2019, Uganda mwaka huo huo, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Kenya inatupa mifano miwili ya kufaa. Serikali yake ilipotaka kuwapa raia wote kadi ya Huduma Namba, Mahakama Kuu ilisema tarehe 14 Oktoba 2021 kwamba kazi hiyo ilianzishwa kinyume cha sheria, kwa kuwa hatari kwa taarifa za watu hazikupimwa kwanza.

Kisha mwaka 2023 vijana wengi wa Nairobi walipanga mstari ili mashine ya kampuni ya Worldcoin ipige picha ya mboni za macho yao, nao wapewe sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi elfu kadhaa. Agosti 2023 serikali ilisimamisha kazi hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaagiza taarifa zile zifutwe. Wale vijana hawakuwa wajinga. Walikuwa na shida, na shida ndiyo inayomfanya mtu auze kitu ambacho hawezi kukinunua tena. Namba ya siri ikiibwa hubadilishwa, lakini jicho na kidole havibadilishwi. Siku mradi wa namna hiyo utakapopiga hema Kindu, tujue maswali ya kuuliza kabla ya kupanga mstari.

Kanisa lianze nyumbani mwake

Katika kitabu cha Mithali, sura ya 11, mwenye roho ya uaminifu anasifiwa kwa kuwa anasitiri jambo aliloambiwa, tofauti na mchongezi anayezunguka akifunua siri. Waliotutangulia waliyajua hayo bila kuwa na simu. Sheria ya 2023 inatuongezea njia za kuyatenda. Haya yanaweza kuanza mwezi huu, bila bajeti.

Kila daftari liwe na mtu mmoja anayejulikana kuwa mtunzaji wake, na wa pili anayemsaidia. Likae mahali penye kufuli. Simu yenye orodha za kanisa iwe na namba ya siri ya kufungulia, na isiwe simu ya kuchezewa na watoto.

Orodha ya majina isipigwe picha na kutumwa kwenye kundi. Kama ni lazima itumwe, itumwe kwa mtu mmoja anayehusika, kisha ifutwe katika simu zote mbili kazi ikiisha.

Kabla ya kuandika, mwandikaji aseme maneno haya au yanayofanana nayo: "Mama, ninaandika jina lako ili upate mgao wa wiki hii. Orodha itaonwa na kamati na shirika linalotoa msaada. Unaweza kukataa kupigwa picha, na mgao wako utaupata vilevile." Ni nusu dakika tu, lakini inamrudishia mtu heshima ambayo vita vilimnyang'anya.

Hapa kuna ugumu unaojulikana na kila kamati ya msaada. Mfadhili anataka ushahidi kwamba vitu viliwafikia watu, na ana haki ya kuutaka, kwa sababu wizi wa msaada upo. Lakini ushahidi hauhitaji kuwa uso wa mtoto analia. Inawezekana kumpa mfadhili idadi ya kaya, sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi, na namba badala ya majina, huku daftari lenye majina likibaki kwa mtunzaji ili mkaguzi alione akifika. Picha ya mikono inayopokea mfuko inaeleza yote. Picha ya mtoto ipigwe tu mzazi akiwa ameelezwa na kukubali, na isiambatane na jina lake wala mahali anapolala. Mfadhili akikataa utaratibu huu, kamati iulize kwa upole lakini bila kuogopa: nyumbani kwenu mngekubali mtoto wenu aonyeshwe hivi?

Na kama mtu mwenye madaraka au mwenye silaha akija kudai orodha? Shemasi asikabidhi akiwa peke yake. Aulize kwa heshima: nani ametuma, kwa sababu gani, na barua iko wapi. Amwite mchungaji na wazee. Mamlaka halali ina njia yake ya kuomba, na kuuliza barua si kuasi. Lakini mbele ya bunduki hatumwambii mtu afe kwa ajili ya karatasi. Ndiyo maana ulinzi ulio bora hutangulia siku hiyo: kisichoandikwa hakiwezi kuchukuliwa. Daftari lisilo na safu ya kabila, lisilo na jina la ugonjwa, lisilo na mahali pa kulala, hata likichukuliwa litadhuru kidogo.

Ukidhurika, fanya hivi

Ukipokea simu ya mtu anayeomba namba ya siri ya pesa zako, kata. Hakuna mfanyakazi wa kampuni ya simu anayestahili kuijua. Ukigundua kwamba kuna namba iliyoandikishwa kwa jina lako bila wewe kujua, nenda kwenye duka rasmi la kampuni hiyo na kadi yako, omba namba ifungwe, na udai karatasi inayoonyesha siku uliyotoa taarifa. Picha au siri yako ikisambazwa, usifute ujumbe kwa hasira. Tunza ushahidi: tarehe, namba iliyotuma, jina la kundi. Kisha mwone mtu unayemwamini, mchungaji au wakili au shirika la haki za binadamu, kabla ya kwenda polisi au kwa mwendesha mashtaka, ili usiende peke yako.

Kama aliyesambaza ni mtu wa kanisa, jambo hilo lisifunikwe kwa jina la msamaha. Aliyedhurika asikilizwe kwanza. Picha iondolewe, mkosaji akiri mbele ya wale wale aliowatumia, na utaratibu wa daftari ubadilishwe.

Maswali ya kuzungumza katika makundi ya nyumbani

Ni daftari ngapi zenye majina ya watu katika kanisa letu, na kila moja liko kwa nani? Ni orodha gani ya zamani tunayoweza kuichoma wiki hii? Katika kundi letu la WhatsApp, ni nani aliye na ruhusa ya kutuma picha za watu, na aliipata kwa nani? Mgeni aliyefika jana akikimbia vita akiuliza tumeandika nini juu yake, tutamwonyesha?

Makanisa yetu yanaweza pia kupaza sauti pamoja. Ni haki kuwauliza wabunge wetu wa Maniema: Mamlaka ya Kulinda Data itafika lini mikoani? Nani anatunza alama za vidole tulizotoa kwa CENI? Nani atahakikisha kwamba uchaguzi ujao hautazima tena intaneti? Habari ya RAM ilionyesha kwamba swali linaloulizwa na wengi hupata jibu.

Bwana atupe uaminifu wa kutunza hata majina tuliyokabidhiwa. Mama aliyevuka mto na watoto wake, akakaa kwenye benchi letu akasema anaitwa nani na ametoka wapi, ametuamini kabla hajatujua.